Hema Hubomolewa: Somo kwa Vijana Wanaopanga Kambi ya Uluguru



Kijana mwenzangu, tuanze na chemsha bongo. Je, kuna mahali katika Maandiko Matakatifu ambapo Mungu aliwaamuru watu wake watoke kwenye nyumba zao, wakalale kwenye vibanda vya matawi wiki nzima, na tena wafurahi? Ukijibu "hakuna", chukua Biblia, fungua kitabu cha Walawi sura ya 23, anza mstari wa 33. Utaikuta Sikukuu ya Vibanda. Siku saba. Mavuno yameshaingia ghalani, nyumba ina chakula, kitanda kipo, halafu Mungu anasema: tokeni nje, mkakae vibandani.

Naandika haya kwa sababu msimu wenyewe ndio huu. Masika yakishakatika, kuanzia Juni hadi Septemba njia za mlimani zinakauka, na vikundi vyetu vinaanza kupanga safari: VIWAWA wa parokiani, TYCS wa sekondari, wenzetu wa TMCS vyuoni. Sisi wa Mazimbu hatuna hata haja ya kuota mlima. Ukitoka nje asubuhi na kutazama upande wa kusini, Uluguru upo pale pale, mara nyingi umejifunika ukungu kichwani. Unakuita.

Lakini kila mwaka nasikia sauti mbili. Ya kwanza ni ya mzazi: "Mwanangu ana nyumba na kitanda, akalale porini anatafuta nini? Hayo mambo ya wazungu." Ya pili ni ya kijana: "Frateri, tubebe sabufa, twende tukale bata huko juu hakuna wa kutusumbua." Tuseme ukweli, kila mmoja hapo ana hoja, na kila mmoja ameacha kitu. Mzazi anadhani kambi ni upuuzi. Kijana anadhani kambi ni disko lenye baridi. Walawi 23 inatuonyesha njia nyingine: kambi ni darasa, na kitabu cha kiada ni hema lenyewe.

Kwanza: je, kupumzika na kucheza ni dhambi?

Tuanzie hapa, maana kuna vijana wema wanaoona aibu kufurahi. Anadhani utakatifu ni kununa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alijiuliza swali hili katika Summa Theologiae (sehemu ya pili ya pili, swali la 168, kipengele cha 2): je, kwenye michezo kunaweza kuwa na fadhila? Akajibu ndiyo. Anasimulia habari ya zamani kuhusu Mwinjili Yohane. Watu walimkuta anacheza na wanafunzi wake, wakakwazika. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde, arushe mshale. Akarusha. Arushe tena. Akarusha. Kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule mtu akasema upinde ungevunjika. Yohane akamjibu kwamba na akili ya binadamu ni hivyo hivyo, isipolegezwa inavunjika.

Hapo Tomaso anamfuata Aristotle, ambaye katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako anasema kwenye burudani kuna kuzidisha na kuna kupunguza. Anayezidisha ni yule anayefanya kila kitu mzaha, hata heshima ya mtu. Anayepunguza ni yule mgumu asiyecheka wala hataki wengine wacheke. Fadhila iko katikati. Na Bwana wetu mwenyewe, mitume waliporudi kazini wamechoka hata nafasi ya kula hawana, aliwaita waende naye mahali pasipo watu wakapumzike kidogo (Marko 6:31). Zingatia neno "kidogo". Tutalirudia.

Kanisa lina watakatifu waliolala hemani. Mtakatifu Yohane Paulo II, akiwa bado padre kijana Poland, alikuwa akienda na vijana milimani na mitoni. Wakati ule serikali ya kikomunisti haikuruhusu mapadre kuongoza makundi ya vijana, kwa hiyo wanafunzi wake walimwita "Mjomba" ili wasijulikane. Misa waliadhimisha huko huko, mtumbwi ukageuzwa kuwa altare. Mwaka 1958 alikuwa kwenye safari ya mitumbwi na vijana alipoitwa Warsaw kuambiwa kwamba ameteuliwa kuwa Askofu msaidizi wa Krakow. Alikubali uteuzi, kisha akarudi kwa vijana wake kumalizia safari.

Na yupo Pier Giorgio Frassati wa Turin, Italia, mwanafunzi wa uhandisi wa madini, mpanda milima hodari, mtu wa Ekaristi ya kila siku na mtu wa utani mwingi. Alifariki kwa polio mwaka 1925 akiwa na miaka 24. Siku ya mazishi familia yake tajiri ilishangaa kuona maskini wa Turin wamejaa barabarani wanalia. Nyumbani hawakujua kwamba kijana wao alikuwa anawahudumia. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Kwa hiyo ukiambiwa mlima na utakatifu haviendi pamoja, jibu unalo.

Somo la kwanza: hema linakukumbusha unachotegemea

Kwa nini Mungu aliamuru vibanda? Sababu imeandikwa wazi katika Walawi 23:43: ili vizazi vyote vijue kwamba aliwakalisha wana wa Israeli vibandani alipowatoa Misri. Yaani lengo ni kumbukumbu. Mtu aliyeshiba husahau haraka. Ukiwa na ghala, ukuta na paa, unaanza kujiona umejitengeneza mwenyewe. Toka nje usiku mmoja tu, kumbukumbu inarudi.

Sasa tazama mlima wetu. Mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachoutazama mji, kina zaidi ya mita 2,100. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6. Fanya hesabu: umeondoka Mazimbu na fulana, unatokwa jasho, na kule juu kuna upungufu wa karibu nyuzi 10, bado ukungu, bado upepo, bado umande unaolowesha nguo hata kama mvua haijanyesha. Hapo ndipo kijana anagundua kwamba sweta alilolidharau nyumbani lina thamani kuliko simu yake mpya. Lita mbili za maji zinakuwa mali. Tochi inakuwa mali. Mwenzako aliyebeba kiberiti kwenye mfuko usiopitisha maji anakuwa mtu muhimu kuliko yule mwenye wafuasi elfu tano mtandaoni.

Hilo ni fundisho la kiroho kabisa. Sisi wanafalsafa tunapenda kusema kwamba binadamu ni kiumbe tegemezi, hakujipa uhai na hawezi kujishikilia mwenyewe. Darasani nilisoma kurasa nyingi kuhusu hilo. Mlimani unalisoma kwa meno yanayogongana.

Ndiyo maana nashauri mbebe vitu vichache lakini vya lazima. Kuna tofauti kati ya ufukara na uzembe. Anayepanda bila koti la mvua hajamtegemea Mungu. Amewategemea wenzake, na huenda akawatia hatarini. Kila mtu awe na nguo nzito kavu ya usiku, koti la mvua, tochi, firimbi, maji, chakula cha ziada na viatu vyenye meno. Kundi liwe na sanduku la huduma ya kwanza na mtu mmoja anayejua kulitumia. Muwe na saa ya kugeuza: ikifika saa fulani hamjafika kileleni, mnarudi, hata kama kimebaki kidogo. Kilele hakihami.

Na simu? Kwenye kilele cha Bondwa kuna minara ya mawasiliano. Kwa hiyo usisubiri mtandao ukukatie kelele. Kiongozi abaki na simu moja ya dharura yenye chaji, wengine mzime kwa hiari yenu. Ukimya wa kulazimishwa na bando kuisha hauna stahili mbinguni.

Somo la pili: hema linakuambia wewe ni mgeni

Nchi za kaskazini ya mbali kama Norwe zina nyika kubwa sana, mtu anaweza kutembea siku nzima asione nyumba, na kulala hemani ni sehemu ya malezi ya watoto. Norwe wana sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kupiga kambi kwenye ardhi isiyolimwa. Lakini sheria hiyo ina masharti: hema lisiwe karibu na nyumba ya mtu chini ya mita 150, na usikae zaidi ya siku mbili bila ruhusa. Nilipoisoma nilicheka, maana babu zetu walishasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wa barafu na watu wa mgomba wameona jambo lile lile. Mgeni ana haki, na haki ya mgeni ina kikomo.

Ila Uluguru si nyika tupu. Ukianza kupanda alfajiri kuelekea Morningside, ile nyumba ya zamani ya enzi za Wajerumani, utapishana na akina mama wanashuka. Kichwani kapu la ndizi au mboga, mgongoni mtoto, wanawahi soko mjini. Wewe unapanda na begi kwa starehe, yeye ameshuka njia hiyo hiyo tangu giza kwa ajili ya ada ya shule. Mpishe njia. Mwamkie: "Shikamoo mama." Usimpige picha bila kumwomba. Mashamba unayopita ni ya koo, na kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba yule mama uliyempisha ndiye mwenye ardhi unayokanyaga. Ukiona ndizi imeiva, ina mwenyewe.

Juu ya mashamba unaanza msitu. Ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, ilitangazwa mwaka 2008, ina hekta zaidi ya 24,000, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na ndani yake kuna viumbe ambao huwezi kuwakuta mahali pengine popote duniani, wakiwemo ndege na mimea ya Uluguru peke yake. Kwa hiyo hamuingii kama mnaingia uwanja wa mpira. Nendeni ofisini kwao mapema, lipeni kiingilio, ulizeni sehemu zinazoruhusiwa kulala, mpate na mwongoza njia. Kumlipa mwongoza njia ni haki, msimchukulie kama msaada wa bure kwa sababu "sisi ni wa kanisa".

Kisha kuna suala la maji, na hapa mzaha uishe. Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam, unapata maji yake kutoka Uluguru. Mto Ngerengere, unaojaza bwawa la Mindu linalotoa maji ya mji wetu wa Morogoro, unatoka huko huko. Kijana anayejisaidia kando ya kijito mlimani anamwekea uchafu mtu anayechota chini. Choo cha kambi kiwe mbali na maji, angalau hatua 80 hadi 100, chimba shimo la kina cha kiganja na vidole vyake, kisha fukia. Sabuni isiingie mtoni. Takataka zote, hata maganda ya mayai, zirudi chini na nyie. Na moto: kiangazi ndiyo msimu wa kupiga kambi, na ndiyo msimu msitu unaungua. Tumieni jiko dogo la gesi mahali palipoidhinishwa. Stori zinanoga hata bila moto mkubwa.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, anaunganisha mambo haya mawili: pumziko la Jumapili na utunzaji wa viumbe (aya ya 237). Anayejua kupumzika mbele ya Mungu anajifunza kutazama dunia bila tamaa ya kuinyakua. Asiyejua kupumzika, kila anachokiona anakihesabu kama kitu cha kutumia.

Vijana wa Mazimbu, hili la ugeni tunalo mfano wake nyumbani. Baada ya maandamano ya Soweto ya mwaka 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao. Tanzania iliwapa ANC lililokuwa shamba la mkonge hapa Mazimbu, na mwaka 1978 wakaanzisha shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979 akiwa na miaka 22. Walijenga madarasa, nyumba, hospitali, wakalima. Walijenga vizuri huku wakijua kwao si hapa. Mwaka 1992 walikabidhi vyote kwa Tanzania wakarudi nyumbani, na leo wanafunzi wa SUA wanasoma humo. Baadhi yao hawakurudi, makaburi yao yapo mpaka leo. Hivyo ndivyo mgeni mwema anavyoishi: anaacha mahali pakiwa pazuri kuliko alivyopakuta, na moyo wake unajua kwao ni wapi. Waebrania 11:9-10 inasema hivyo kuhusu Ibrahimu, aliyekaa kwenye mahema huku akiungojea mji wenye misingi, ambao mjenzi wake ni Mungu.

Somo la tatu: hema hubomolewa

Siku ya nane Waisraeli walikuwa na kusanyiko takatifu, halafu wakarudi nyumbani. Kibanda hakikugeuzwa kuwa nyumba. Hili ndilo somo gumu kuliko yote.

Mkumbuke Petro kwenye mlima wa Bwana kugeuka sura (Marko 9:2-29). Ameona utukufu, akasema ni vizuri wao kuwapo pale, akataka kujenga vibanda vitatu. Marko anaongeza kwamba hakujua aseme nini. Petro alitaka kibanda cha kubaki. Lakini Yesu akashuka nao, na walipofika chini walikuta nini? Baba analia, mtoto wake anateswa na pepo, mitume wengine wameshindwa, watu wanabishana. Mlima ulikuwa maandalizi ya kukutana na mtoto yule.

Sasa niseme na wewe kijana ambaye unataka kupanda kwa sababu huku chini pamekuwa pagumu. Matokeo hayakuwa mazuri. Umemaliza chuo, mwaka wa tatu huu unatembea na bahasha. Nyumbani hakukaliki. Uchumba umevunjika. Unatamani tu kwenda mahali pasipo mtu, usirudi. Nakuelewa, na Biblia inakuelewa zaidi. Nabii Eliya alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu afe (1 Wafalme 19:4). Angalia Mungu alichofanya. Hakumhubiria. Hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwacha alale, akamtumia malaika na mkate na maji. Akalala tena, akaamshwa tena, akala tena. Baada ya hapo ndipo safari ya siku arobaini kwenda Horebu, ndipo upepo, tetemeko na moto, na mwisho ile sauti tulivu.

Kwa hiyo uchovu wako si dhambi, na kulala si uvivu. Lakini soma mpaka mstari wa 16. Mungu alimwambia Eliya arudi, akampa kazi ya kufanya, na akamwonyesha mwenzake, Elisha. Mlima haukuwa mwisho wa njia yake. Na kama mawazo ya kutaka kufa yanakujia kweli, nakuomba kama ndugu yako: usipande mlima peke yako. Mtafute leo hii paroko, mzazi, daktari au rafiki unayemwamini, umwambie kwa maneno ya wazi. Eliya naye alihitaji mtu wa kumgusa bega na kumwambia amka ule.

Mtume Paulo, ambaye kazi yake ya mikono ilikuwa kushona mahema (Matendo 18:3), aliuita mwili wetu hema linalobomolewa, akasema tuna nyumba ya milele kwa Mungu (2 Wakorintho 5:1). Fundi alijua anachosema. Na Yohane 1:14, pale tunapoungama kwamba Neno alitwaa mwili akakaa kwetu, neno la Kigiriki lililotumika kwa "akakaa" lina maana ya kupiga hema. Mungu alikuja kupiga kambi kati yetu. Hakuja kutalii. Alikaa kwenye baridi yetu mpaka msalabani.

Maswali mnayouliza

*Frateri, tukiwa kambini Jumapili tunaweza kuacha Misa?* Hapana. Kambi ni burudani uliyoipanga mwenyewe, kwa hiyo ipange vizuri. Sheria ya Kanisa (kanuni ya 1248) inasema anayeshiriki Misa jioni ya siku iliyotangulia ametimiza wajibu wake. Basi pandeni Ijumaa mshuke Jumamosi, muwahi Misa ya jioni au ya kesho yake. Padre akiwa nanyi, yeye ndiye anayejua taratibu za kuadhimisha nje ya kanisa. Mimi frateri siwezi kuwaadhimishia Misa, msinitie majaribuni.

*Sala ya mlimani ina nguvu kuliko ya nyumbani?* Yesu alisali mlimani usiku kucha (Luka 6:12), lakini alimwambia mwanamke Msamaria kwamba Baba haabudiwi kwa sababu ya mlima huu au ule (Yohane 4:21). Mlima haumsogezi Mungu karibu. Unakusogeza wewe mbali na kelele. Anayekuuzia "maombi ya mlimani" kwa bei ya kupata kazi au mchumba, mkwepe.

*Wazazi wanakataa kwa sababu wavulana na wasichana wataenda pamoja.* Wazazi wana haki ya kuuliza, na majibu yawe ya kweli. Walezi wawepo, mwanamume na mwanamke. Mahema yawe tofauti na yenye umbali. Majina, njia na saa ya kurudi viachwe kwa paroko na kwa wazazi. Pombe isiwepo. Kikundi ambacho hakiwezi kueleza mpango wake mbele ya mama wa mmoja wao, kisiende.

*Wengine hatuna nauli wala hema.* Hapa nawasihi viongozi msome Kumbukumbu la Torati 16:14. Mungu anataja wanaotakiwa kufurahi kwenye Sikukuu ya Vibanda: mwana na binti, mtumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Anayesahauliwa kwenye sherehe zetu ndiye aliyeandikwa kwenye orodha. Kama michango yenu inamwacha yatima wa jumuiya yenu nyumbani, mnachokwenda kufanya kina jina jingine. Punguzeni nyama, azimeni mahema, aende.

Zoezi la kambi

Jioni ya kwanza, kabla ya kulala, kaeni duara, taa zimezimwa, dakika kumi za kimya kamili. Kisha kila mmoja ataje kitu kimoja alichokibeba ambacho hakukihitaji, na kitu kimoja alichokihitaji akapewa na mwenzake. Fungeni kwa fumbo moja la Rozari.

Asubuhi, mkishasali Masifu, kila mtu akae peke yake, anaonekana lakini hasikiki, nusu saa na 1 Wafalme 19:1-18. Maswali ni haya: Ninakimbia nini? Nani aliwahi kuniletea mkate na maji nikiwa nimechoka? Nikishuka, ni nani ananisubiri pale chini ya mlima?

Mkibomoa hema, angalieni pale lilipokuwa. Majani yamelala kidogo, baada ya siku chache yatanyanyuka. Pasiwe na alama nyingine. Wiki hiyo hiyo mkisharudi, kundi zima mtembeleeni mgonjwa mmoja au mzee mmoja wa jumuiya, mumfulie, mumchotee maji. Bila hiyo kambi haijaisha.

Tusali

Bwana Yesu, uliyepiga hema lako kati yetu, tufundishe kupumzika bila kukusahau na kufurahi bila kumwacha mtu nje. Walinde wanaopanda, wapishe njia salama wanaoshuka na mizigo kichwani, uhifadhi msitu na chemchemi tunazokunywa. Aliyechoka kama Eliya mpe mkate, usingizi na rafiki. Na siku hema letu hili litakapobomolewa, tupokee katika nyumba isiyojengwa kwa mikono. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mama Maria, uliyeondoka kwa haraka kwenda nchi ya milima kumhudumia Elisabeti, utuombee.

Kambi njema, vijana. Sweta msisahau.